Daktari wa Meno wa Mtaa Wetu, Nishinomiya

Nishinomiya ni mji ulio kati ya Osaka na Kobe, bahari upande mmoja, milima ya Rokko upande mwingine. Nilihamia huko mwaka 2015 kusoma shahada ya uzamili, na maandishi ya Kijapani niliyoyazoea mapema kuliko mengine yote ni yale ya madaktari wa meno. Yamebandikwa kwenye nguzo za umeme: jina la ukoo la daktari, mshale, na umbali kwa mita. Unatoka stesheni, nguzo ya kwanza inakuelekeza kulia, ya pili inakuambia nyoosha, na kabla hujafika nyumbani umeshapita kliniki tatu au nne. Japani nzima ina kliniki za meno zaidi ya 65,000, ilhali yale maduka madogo yasiyofungwa usiku wala mchana ni kama 55,000. Nyingi ni za daktari mmoja, kwenye nyumba ya kawaida katikati ya nyumba za watu. Chini kuna viti viwili vitatu vya matibabu, juu anaishi yeye na familia yake.

Pamoja na wingi huo, wageni wengi tuliosoma pamoja walikuwa wanavumilia jino mpaka likizo ili wakalitibie kwao. Waliogopa lugha, na zaidi waliogopa bei. Kwa sisi tuliotoka mahali ambapo ukiuguza jino unaingia mfukoni mwako mwenyewe, ilikuwa vigumu kuamini kwamba nchi yenye maisha ghali kiasi kile ingekuwa na daktari ambaye mwanafunzi anamudu kumlipa. Nami nilichukua muda kuamini. Ukipewa kibali cha kukaa Japani zaidi ya miezi mitatu, unaandikishwa kwenye bima ya afya kwa lazima, mwenyeji na mgeni sawasawa. Utaratibu wa kila mkazi kuwa na bima ulikamilika huko mwaka 1961. Bima inalipa asilimia 70, wewe unalipa asilimia 30. Kila kitendo cha daktari kinacholipiwa na bima, kuanzia kukutazama mdomoni hadi kung'oa gego, kina pointi zake zilizopangwa na serikali, na pointi moja ni yeni 10, uwe katikati ya Tokyo au kwenye kisiwa cha mbali. Daktari wa mtaani hana ruhusa ya kukupandishia kwa sababu wewe ni mgeni. Risiti yake inakuonyesha pointi zote, mstari kwa mstari. Mimi ni mtu wa hesabu, na risiti ile niliipenda tangu siku ya kwanza.

Lakini sababu yangu ya kukwepa madaktari wa meno haikuhusu fedha. Ilikuwa mdomoni, mbele kabisa.

Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Mto wenyewe umebeba jina hilo kwa rangi yake. Maji ya upande ule yanapita kwenye mawe ya volkano na kubeba floraidi nyingi, mara kadhaa zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa mwisho wa usalama. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita vijijini, kwa sababu ya ukweli mchungu kwamba maji mengine hayakuwepo. Mtoto anayekua kwa maji hayo meno yake ya ukubwani huota yakiwa meupe yaliyofifia mithili ya chaki, kisha kadiri miaka inavyokwenda yanaingia rangi: manjano, kahawia, hata nyeusi. Wengine huota vishimo. Kwa walioathirika sana, mifupa nayo hupinda; nimekua na watoto wenye matege ambayo hakuna aliyeyashangaa, kwa sababu kila kitongoji kilikuwa na wa kwake.

Nyumbani hatukuwa na cha kuona aibu, kwa kuwa darasa zima tulifanana. Aibu niliikuta Dar es Salaam. Nikicheka mara moja tu, mtu anasema, "Wewe wa Arusha." Wengine walisema kwa wema, wengine wakaongeza ushauri: jaribu mkaa, jaribu limao na chumvi, jaribu dawa fulani ya meno inayotoka nje. Wakati huo nilikuwa najua kabisa kwamba ni maji, shuleni tulifundishwa. Ila kujua hakukunisaidia kitu mbele ya mtu anayenitazama meno huku nikiongea. Nikaanza kucheka nimefumba mdomo, na nikishindwa, naufunika kwa mkono.

Japani mkono ule ulipokewa vizuri ajabu. Wanawake wengi huko, hasa wa umri wa mama zetu, hufunika mdomo wanapocheka, ni adabu. Mama mmoja wa jirani aliwahi kunisifu kwamba nimelelewa vizuri. Nilimshukuru, na moyoni nilisikia uchungu ambao sikuwa na jinsi ya kumweleza, kwa sababu kile alichokiona kama heshima kilikuwa kimeanza kama maficho.

Daktari wa kwanza niliyekwenda hakuwa wa mtaani. Ilikuwa kliniki kubwa, ndani ya jengo la maduka, yenye mapokezi ya vioo na viti vingi vilivyopangwa mstari. Nilikwenda kusafishwa ugaga tu. Msafisha meno, binti mpole, aliondoa ugaga, kisha akaendelea kusugua meno ya mbele kwa brashi ya mashine na dawa yenye chengachenga. Akasugua, akasuuza, akatazama, akarudia. Mwisho akaniambia nipunguze kahawa na niache sigara. Sijawahi kuvuta sigara maishani. Kijapani changu cha wakati ule kilitosha kununua mboga na kuuliza njia, hakikutosha kueleza mto na mlima na utoto. Nikaitikia kwa kichwa, nikalipa, nikatoka fizi zinawasha. Sitaji ni wapi, na sidhani yule binti alikuwa na nia mbaya. Alifundishwa kwamba rangi kwenye jino ni uchafu wa juu, na mbele yake kulikuwa na jino lenye rangi.

Baada ya hapo sikurudi kwa daktari wa meno hadi gego la chini, upande wa kushoto, liliponipeleka lenyewe. Lilianza kwa kuhisi baridi, likaja kuhisi moto, halafu likawa linapiga usiku kwa mapigo yake. Asubuhi nikafuata nguzo za umeme.

Kliniki ilikuwa kwenye kona, nyumba ya ghorofa mbili yenye mti nje. Mlangoni unavua viatu, unavaa kandambili za ndani. Chumba cha kungojea kilikuwa na watu wanne: bibi mwenye mfuko wa sokoni, mvulana wa shule ya msingi na mama yake, na mzee aliyekuwa akisoma gazeti. Nyuma ya dirisha la mapokezi alikaa mke wa daktari, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Alipokea kadi yangu ya bima, akanipa fomu ya maswali, na alipoona kalamu yangu imesimama, akatoka akaja kukaa kando yangu. Akasoma swali moja moja kwa sauti ya chini: una mzio wa dawa yoyote? Umewahi kuzimia ulipopigwa ganzi? Una mimba? Akaandika majibu yangu kwa mkono wake. Nyuma yake kulikuwa na makabati ya droo nyembamba, yamejaa mafaili ya karatasi ya wagonjwa, mengine yamegeuka rangi kwa uzee.

Daktari mwenyewe alikuwa na miaka kama sabini. Wote walimwita sensei, kama wanavyoitwa walimu na madaktari wote kule, nami nikamwita hivyo. Alijitambulisha kwa kuinama, akanieleza kwamba nikiumia niinue mkono wa kushoto naye atasimama papo hapo. Kisha akanipiga picha ya eksirei, akanionyesha kwenye skrini: kipande cha gego kilikuwa kimebanduka pembeni, kuoza kumeingia kupitia hapo na kukaribia mshipa. "Tutajaribu kuuokoa mshipa," akasema. Kwetu nilikokulia, jino lililofika hapo lilikuwa na tiba moja, koleo. Hospitali ya wilaya ilikuwa na mtaalamu wa meno, na mtaalamu alikuwa na foleni, na foleni nzima ilikuja kung'olewa.

Kabla ya kuanza kazi ya gego aliomba kutazama meno mengine. Akaleta kioo kidogo, akashika bomba la upepo, akakausha meno yangu ya mbele moja baada ya lingine. Ninaijua pumzi ambayo mtu hushusha akiona meno yangu kwa karibu. Niliingoja. Sensei hakushusha pumzi. Alisogeza taa, akainama zaidi, akapitisha ncha ya kifaa chake taratibu kwenye kishimo cha jino la juu la kulia, kisha kwenye mistari myembamba inayokatisha jino, ile ambayo mtu asiyejua haioni kwa sababu macho yote yanaishia kwenye rangi. Akaniinua kiti nikae wima. Akavua barakoa, kitu ambacho madaktari wa huko hawafanyi mara nyingi mbele ya mgonjwa.

"Kwenu kuna mlima wa volkano?" akauliza.

Nikamwambia upo.

"Na utotoni mlikunywa maji ya mtoni au ya kisima."

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anajua. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba mkono wangu ulikuwa umeshafika nusu ya safari ya kwenda mdomoni, na nikauteremsha.

Akachukua karatasi nyuma ya fomu yangu, akachora milima. Hii ni Rokko, akasema, na huu ni mji wa Takarazuka. Takarazuka ni jirani ya Nishinomiya, kuna treni fupi ya rangi ya damu ya mzee inayounganisha miji hiyo miwili. Wageni wanaujua mji huo kwa sababu ya kundi la maigizo la wanawake pekee, au kwa sababu Osamu Tezuka, baba wa vikatuni vya Kijapani, alikulia pale. Sensei aliujua kwa meno. Maji yanayotoka kwenye baadhi ya sehemu za milima ile yana floraidi, na kuna watoto waliokua wakinywa maji ya bomba yenye floraidi hiyo wakaota meno yenye madoa. Miaka ya 1970 wazazi wakaja juu. Likawa jambo la magazeti, likafika mahakamani, na manispaa ya Takarazuka ikaweka utaratibu wa kuwagharamia matibabu wale waliothibitishwa kwamba meno yao yaliharibiwa na maji ya mji. Leo kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya bomba Japani ni miligramu 0.8 kwa lita.

Wakati ule sensei alikuwa kijana aliyetoka chuoni karibuni. Alikuwa miongoni mwa waliotumwa mashuleni kukagua meno ya watoto. "Walikuwa wananionyesha meno huku wamefumba macho," akaniambia. Halafu akaniomba jina la mlima wetu, akaliandika kwenye faili langu kwa zile herufi wanazoandikia maneno ya kigeni: Meru.

Siku ile alifanya kidogo tu. Ndivyo wanavyofanya kule: kazi hukatwa vipande, unaitwa tena wiki ijayo, na tena wiki inayofuata. Wageni wengi hulalamikia hilo, na mwenye kazi ya zamu ana haki ya kulalamika. Mimi sikuona tabu. Alinipiga ganzi kwa sindano nyembamba baada ya kupaka kwanza dawa ya kufisha fizi, mke wake akanifunika macho kwa taulo dogo, nikasikia mashine ikiingia kwenye gego. Akatoboa mpaka mwisho wa kuoza, akaweka dawa, akaziba kwa muda. Nililipa kama yeni 3,000 pamoja na eksirei. Mlangoni mke wake akaniambia maneno wanayoambiwa wagonjwa wote wakiondoka, nijitunze.

Jioni nikampigia mama. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita, kwake ilikuwa mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti yako nzito?"

"Ni ganzi, mama. Nilikuwa kwa daktari wa meno."

"Wamekung'oa?"

"Hawajaning'oa. Wanalitibu. Mama, daktari wa huku ameyajua meno yangu. Hata sijamwambia, akasema ni maji."

Akanyamaza kidogo. "Amejuaje?"

Nikamweleza Takarazuka, mlima, watoto, magazeti. Mama yangu ni mtu aliyechemsha maji kila siku ya maisha yake ya ndoa kwa sababu kliniki ya watoto walimwambia achemshe, na hakuna aliyemwambia kwamba moto hauondoi floraidi; maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. Kaka yangu mkubwa, kabla habari za madini hazijaenea, aliwahi kuchapwa kwa kutopiga mswaki, na mama anayakumbuka yale mapigo kuliko kaka mwenyewe.

"Kumbe hata Japani," akasema. Halafu: "Na wazazi wakaenda mahakamani?"

"Walienda."

"Sisi tungemshitaki nani?"

Sikuwa na jibu, na hata leo swali lile linanifuata kila ninapopanda treni ya Takarazuka. Kule palikuwa na manispaa iliyochimba, ikatandaza bomba, ikatuma ankara ya maji. Palikuwa na mlango wa kubisha. Kwetu mto ulikuwepo kabla ya serikali yoyote, na aliyechota alikuwa mama mwenyewe, kwa ndoo yake.

Ziara zilizofuata nilizoea chumba kile cha kungojea. Ukutani kulikuwa na bango la kampeni wanayoiita 8020, iliyoanzishwa mwaka 1989: mtu afikishe miaka 80 akiwa bado na meno yake 20. Ilipoanzishwa ilionekana kama ndoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa umri huo wamefikisha. Yule mzee wa gazeti alikuwa mmoja wao. Alikuwa na cheti cha chama cha madaktari wa meno, na mke wa sensei alimhimiza anionyeshe meno yenyewe, akafungua mdomo wazi mbele yetu sote. Mama wa yule mvulana alikuwa na kijikaratasi kutoka shule, kinachoeleza ni jino gani la mtoto lililoonekana na dosari kwenye ukaguzi wa mwaka. Mtoto hupewa, mzazi humpeleka kwa daktari wa mtaani, daktari hujaza kwamba limetibiwa, kijikaratasi kinarudi shule. Nilikiomba nikakitazama kwa muda mrefu. Karatasi moja tu, na daktari wa kona, vinaokoa meno ya nchi nzima. Mvulana mwenyewe aliniambia kwamba jino lake la utoto la chini lilipong'oka walilirusha juu ya paa. Nikamwambia na sisi tunarusha juu ya paa. Hakuniamini, akamtazama mama yake ili athibitishe.

Gego lilipona, mshipa ukaokoka. Ndipo sensei akarudi kwenye meno ya mbele. Alinieleza kwa uwazi kabisa. Kuyafanya meupe kwa dawa, au kuyavika ganda la kauri, ni nje ya bima, ni fedha nyingi, na kwa ganda la kauri angelazimika kulikwangua jino. "Chini ya rangi hii jino ni lako na ni zima," alisema. Vile vishimo viwili, ambavyo vilikuwa vinashika chakula na kuanza kubomoka kingo, hivyo ni ugonjwa, na bima inalipa. Nikakaa siku kadhaa na wazo hilo. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu na sijawahi kuulizwa na mtu yeyote ninataka meno yangu yaweje. Wote walikuwa wameniambia tu. Nikaamua tuzibe vishimo, rangi ibaki.

Kazi ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Ana kibao chenye sampuli za meno, kila moja na rangi yake, kutoka nyeupe ya maziwa hadi ya manjano iliyokolea. Aliziweka moja moja kando ya jino langu, kwenye mwanga wa dirisha na si wa taa. Hakuna iliyolingana. Sampuli zile zimetengenezwa kwa watu wasiokunywa maji yetu. Sensei akakaa kimya, akachukua plastiki laini ya kuzibia ya rangi mbili tofauti pamoja na tone la kahawia linalotumika kwenye mifereji ya magego, akazichanganya kwenye kipande cha karatasi kwa kijiko chembamba kama sindano, akajaribisha, akafuta, akachanganya upya. Akapaka asidi ya buluu kwenye vishimo na kuiacha muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu jino la namna hii ni sugu na halishiki gundi upesi. Akasuuza, akapaka gundi, akajaza kwa tabaka, kila tabaka akiligandisha kwa taa ya buluu. Mwisho akapiga msasa. Akanipa kioo cha mkononi. Nilitafuta mahali alipoziba, na ilinibidi nipapase kwa ulimi ili nijue.

Kuna jambo lingine alilonipa, nami nikalipeleka nyumbani likiwa la moto. Alinichorea umri. Meno ya mbele yanatengenezwa ndani ya taya mpaka mtoto anapofika kama miaka minne au mitano, mengine yote isipokuwa magego ya mwisho mpaka kama minane. Baada ya hapo floraidi haiwezi tena kuliharibu jino kwa namna ile. Kwa hiyo familia isiyoweza kubadilisha maji ya nyumba nzima inaweza kuanza na maji ya watoto wadogo tu, ya kunywa na kupikia. Tuliwahi kuambiwa "maji yenu mabaya". Hatukuwahi kuambiwa kwamba kuna miaka michache ya kulinda kwa nguvu zote. Kaka yangu wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi michache. Alifunga mifereji kwenye bati, akaweka simtanki la mvua, maji hayo yakawa ya mtoto. Shemeji yangu akaacha kutia magadi kwenye makande ya mtoto, maana magadi ya huko kwetu nayo yana floraidi. Kiangazi mvua ikikatika, walichuja kwa ndoo ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ile iliyofanyiwa kazi miaka mingi na wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, si mbali na nyumbani. Wakubwa waliendelea kunywa ya mto. Mtoto sasa anabadilisha meno. Sitaki kujisifu kwa niaba ya jino ambalo bado linaota, lakini kaka hunitumia picha, na mimi huzikuza mpaka zinapasuka.

Nilimaliza shule, nikapata kazi Osaka, nikaendelea kuishi mtaa uleule. Wakati wa ugonjwa wa korona kliniki ilibandika tangazo: sensei anastaafu, wagonjwa waombe barua za rufaa. Kliniki nyingi za aina ile zinafungwa hivyo, kwa sababu watoto wa madaktari wamechagua kazi nyingine au miji mingine. Mke wake alitoa faili langu kwenye droo, sensei akaandika barua, akaifunga kwa gundi. Niliwapelekea zawadi ya kahawa ya Meru niliyoagiza. Nilicheka nao mlangoni, mikono yote miwili ikiwa imeshika mfuko wa kahawa.

Daktari ninayekwenda sasa ni kijana, nguzo mbili za umeme mbele. Alifungua barua, akasoma, akaomba kutazama, akamwita msaidizi wake naye atazame, akaniomba radhi kwa kunikodolea. Alikuwa ameyaona kwenye kitabu cha chuo tu. Habari za Takarazuka alizisikia kwa bibi yake. Nikamweleza mwenyewe, sasa Kijapani kinatosha: mawe, mto, miaka minane, kuchemsha, magadi. Akaniuliza hali ikoje leo. Nikamwambia jiji la Arusha limejengewa mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kwamba vijijini wapo wanaoendelea kuchota palepale tulipochota sisi. Swali lililomkamata zaidi lilikuwa la mkaa wa mifupa: unachomwa kwa joto gani, unadumu miezi mingapi kabla ya kubadilishwa, nani anaupima. Nimemwahidi kumletea maelezo siku nitakayorudi kuziba gego la upande wa pili.